Mama Aliyekuwa Kichwani mwa Papa

Papa, yaani baba yangu, Nzabandora, hutengeneza jibini katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, na kwa ubishi hana mwenzake. Mama yangu alipofariki, haukupita mwezi Papa akaanza kutuambia kwamba mama huja. Huwa anageuza jibini kwenye mbao, mara anasikia harufu ya maziwa ya moto, vilima vinateremka polepole kana kwamba vinasinzia, kisha mama anaingia na kumwekea mkono begani. Hasemi neno. Akikaa dakika moja, anaondoka.

Waumini wa kanisa letu waliyaita maono. Miaka minne walipanda kwetu na shida zao, wakakaa kwenye vigoda kumngoja Papa aonyeshwe majibu. Walinichosha! Mimi nilikuwa nimemwona akianguka, mdomo umepinda, maziwa yamemmwagikia kifuani.

Nikamvuta mpaka hospitali ya Goma. Daktari Séraphin alituonyesha picha ya fundo la mishipa ya damu ndani ya ubongo. Mama alikuwa akitokea hapo. Fundo lisipotolewa, daktari alisema, siku moja litapasuka. Akaomba pia kipande cha fundo hilo kikachunguzwe.

"Papa, kila seli iko na kitabu kubwa," alisema. "Kama inataka kufanya kazi, inakopia ukurasa moja. Ile kopi njo tunaita ARN, kwa Kiingereza RNA. Mu mishipa ya namna hii, herufi za kopi zinabadilishwa vingine, lakini kitabu yenyewe inabakia vile iko. Tunatafuta kujua kama ile njo inaharibu mishipa. Hatuyajua bado."

Papa aligeuza kofia mapajani.

"Docteur, na muke wangu iko mu kitabu ao mu kopi?"



"Papa," nikasema, "mama nilishamuzika. Wewe sitaki kukuzika." Akakubali kwa ajili yangu, na hilo linaniuma hadi leo.

Alipasuliwa, akapona. Nyumbani, kila asubuhi alisimama katikati ya jibini zake, bila kugusa kitu, akimngoja mama. Wiki ya tatu akaniita.

"Nyiramana, sasa ninamukumbuka tu, kama watu wote."

Ndipo akalia. Kwenye mazishi ya mama hakutoa hata chozi. Siku hiyo sauti yake ilifika bondeni. Majirani wakapanda mbio na kuni na maharage, kama desturi ya msibani.

"Dada, nani amekufa?" akauliza Mama Bénédicte, jirani yetu.

"Mama," nikajibu.

Wakatua kuni, wakaketi.