Nyama ya Mume Wangu Ilipotembea

Pale Masuguru, Korogwe, kuna watu ambao hadi leo hawanijui kwa jina la Rehema. Wananiita Mama Nyama Inatembea, na hata waliohamia juzi nao wananiita hivyohivyo bila kujua kisa chenyewe, wanadhani labda zamani nilikuwa na bucha. Nimenyamaza miaka mingi kwa aibu. Leo nakisema mwenyewe, tena chote, maana nimechoka kukisikia kwa watu ambao hawakuwepo.

Nilikuwa nimeolewa miezi minne tu. Mume wangu Athumani ni fundi ujenzi, Mzigua wa Handeni, kwao Chanika, watu waliotulia pale tangu enzi za mababu zao. Mimi nimezaliwa Mazinde, kambini, katikati ya mkonge. Babu yangu alitoka Songea kuja kuukata, akaukata mpaka akasahau njia ya kurudi. Kwa hiyo posa yangu haikupita kirahisi. Mama mkwe, Bi Mwanaidi, hakukataa, hapana, ila aliuliza mbele za watu kama watoto wa kambini wanajua kukaa na wageni. Swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa perege. Na siku ya harusi akanipa kawa alilolisuka kwa mikono yake, la ukindu, rangi ya zambarau na kijani, kubwa, limechongoka juu kama paa la msonge, akasema, "Hili la kufunikia chakula cha wageni." Nikasikia swali lilelile tena.

Halafu kulikuwa na paka. Paka dume, mnene, mweupe mwenye mabaka meusi, na tulimwita Bwana Afya kwa sababu hakuna sufuria aliyoipita bila kuikagua. Panya hakuwahi kukamata hata mmoja (aliwahi kukimbizwa na kuku, lakini hayo tuyaache). Nilimpenda. Athumani akiwa kazini, mimi na yeye ndio tuliokuwa watu wa nyumba ile.

Sasa siku hiyo, mvua za vuli zimeanza, Athumani ameondoka alfajiri kwenda kujenga Mombo, jana yake ameleta viroba vinne vya mahindi kutoka shamba, na kwa kuwa stoo ilikuwa inavuja tukavipanga pembeni sebuleni. Saa tatu asubuhi simu inalia. Mama mkwe.

"Rehema, tumeshapanda gari hapa Chanika, mimi na shangazi yenu Zaina. Tunakuja kukuona."

Nikasema shikamoo kwenye simu ambayo tayari imekatwa.

Nyumba nzima nina kuku mmoja, naye ana vifaranga wa siku tatu. Nikabandika maharage, nikakuna nazi, nikachuma mchicha nyuma ya nyumba, nikaosha mchele, nikadeki, nikatandika mkeka mpya katikati ya sebule, na wali ulipokuwa unakaukia ndipo nikamsikia Bwana Afya anatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, mlio wa mtu aliyetukanwa na mtoto. Kuingia sebuleni, namwona amesimama juu ya mkeka, mkia umevimba kama brashi ya kupakia chokaa, na mbele yake kuna kitu cha mviringo, ukubwa wa embe dodo, kimejaa miiba.

Kalunguyeye. Kama hujamwona, fikiria nungunungu, kisha mpunguze mpaka atoshe kwenye viganja viwili. Bila shaka alikuja ndani ya viroba vya mahindi. Alikuwa amejikunja, kimya kabisa, haonekani kichwa wala miguu.

Bwana Afya akasogea, akanusa, akapiga chafya. Akanyoosha mguu wa mbele taratibu kama mtu anayepima moto wa pasi, akagusa. Lo! Aliruka juu, akatua, akautikisa mguu, akaulamba, kisha akanitazama mimi, tena kwa lawama, kama vile nilimwandalia. Akarudi kwa upande wa pili (labda alidhani upande ule ni laini). Akachomwa tena. Safari hii alirukia meza ya televisheni akaangusha maua yangu ya plastiki, na mimi nilikuwa nacheka nimejishika mbavu, nacheka peke yangu kama mwehu, mpaka nikasikia mlangoni:

"Hodi humu ndani!"

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo. Ningeweza kufungua mlango nikasema, mama karibuni, ila mnisamehe, kuna kalunguyeye ameingia. Hata maneno kumi hayafiki. Lakini nikawaza, mama mkwe anafika kwangu mara ya kwanza, anakuta nyumba ina wanyama wa porini, ataondoka na jibu la lile swali lake. Kawa lilikuwa ukutani, karibu na mkono wangu. Nikalitoa, nikamfunika kalunguyeye, nikafungua mlango.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Karibuni, karibuni sana."

Mama mkwe alikuwa mtu mrefu, mkavu, anatazama chumba kizima kabla ya kukaa. Akaliona kawa, uso ukalainika. "Naona unalitumia."

"Kila siku, mama."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, mdogo, maana nilikuwa sijalitumia hata mara moja, nililitundika kama pambo. Nikaandaa chakula. Nikalitelezesha kawa kwa mguu, polepole, mpaka ukingoni mwa mkeka, nikaweka wali, maharage ya nazi, mchicha. Wakanawa, wakala. Na Bwana Afya akaja, akaketi mbele ya kawa, akalikodolea macho. Hakutazama wali. Hakutazama mtu. Masikio mbele, pua inacheza.

Shangazi Zaina, ambaye alikuwa mnene, mchangamfu, na ulimi wake hauna breki, akatafuna, akamtazama paka, akatazama maharage, akamtazama paka tena. "Mkwe, paka huyu ana nini na hilo kawa?"

"Ana tabia mbaya tu, shangazi."

"Kuna nini humo?"

Hata pale bado ningeweza kusema ukweli. Nikasema, "Chakula cha Athumani."

"Cha mume wako unakiweka chini?"

"Kinapoa."

"Chakula gani?"

Nami, sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi, nikasema, "Nyama kidogo."

Mnaelewa nilichofanya? Nimewapikia wageni waliotoka Handeni maharage na mchicha, halafu nimewaambia kwa mdomo wangu kwamba nyama ipo, imefunikwa hapo, pembeni ya mkeka wao, kwa kawa la mama mkwe mwenyewe, na si ya kwao. Shangazi Zaina aliacha kutafuna. Mama mkwe akachota wali kidogo, akaumeza, akasema kwa sauti ya baridi, "Vizuri. Mke amtunze mumewe."

Tukala kimya. Na katika ukimya ule, kalunguyeye bila shaka akadhani hatari imekwisha, akajikunjua, akaanza safari.

Kawa likasogea kidogo. Likasimama. Likasogea tena. Kisha likaanza kwenda kabisa, taratibu, zambarau na kijani, juu ya sakafu niliyoideki mwenyewe, linaelekea mlangoni. Bwana Afya akarudi nyuma hatua kwa hatua, linakuja, anarudi, linakuja, mpaka makalio yake yakagusa bakuli la maharage, akaruka, akatua ndani ya bakuli lenyewe kwa miguu yote minne, akapanda pazia na maharage yake, pazia likashuka na bomba lake.

"Astaghfirullah!" Shangazi Zaina alisimama na tonge mkononi. "Nyama inatembea! Nyama ya mume wake inatembea!"

Akatoka mbio, miguu mitupu, tonge bado liko mkononi, akapita uani, akaingia kwa jirani yangu Mama Neema, na kote huko namsikia anapiga kelele kuwa nyumba ya Athumani imeingiliwa. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kochi. Sijui nilipanda lini. Mama mkwe peke yake ndiye aliyebaki ameketi palepale.

"Rehema. Funua."

"Mama, mimi..."

"Funua, mwanangu. Nimetoka Chanika, siwezi kurudi bila kujua."

Nikashuka, nikafunua. Kalunguyeye akajikunja palepale, fuu, akawa mpira. Nikaanza kulia na kueleza kwa pamoja, viroba, stoo inavuja, sikutaka aone, wala nyama hakuna, sijanunua nyama wiki nzima. Mama mkwe hakunisikiliza hata kidogo. Alikuwa ameinama, anatazama.

"Kalunguyeye," akasema, kwa sauti ndogo, kama anayetaja jina la mtu aliyecheza naye utotoni. "Sijamwona tangu nikiwa mwali."

Akafungua kanga yake ya juu, akamkunjia ndani kwa ustadi ambao sikuutarajia, akatoka naye mlango wa nyuma mpaka kwenye migomba, akamweka kwenye majani makavu. Akaketi chini, mtu mzima yule, na nguo zake za safari. Akapiga majani kwa kiganja: njoo ukae.

"Usiseme kwa nguvu," akanong'ona. "Akisikia kelele hafunguki."

Tukakaa. Upande wa pili wa ua tulisikia shangazi Zaina anawasimulia majirani, na kila alipofika mwingine alimwanzia upya, na kila akianza upya kawa lilikuwa limekwenda mbali zaidi. Mara ya tatu lilikuwa limemfukuza yeye binafsi. Mama mkwe akabana midomo, mabega yanatikisika. Kisha, bila kunitazama, akauliza, "Kwenu Mazinde wapo hawa?"

Katika miezi minne, hilo lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu kwetu. Nikamwambia wapo, kwenye mistari ya mkonge, na kwamba babu yangu alikuwa anawaokota wasikanyagwe na trekta, anawabeba ndani ya kofia yake. "Kofia gani?" akauliza. Ya turubai, nikasema, iliyobaki ukingo tu. Akacheka. Akaniuliza babu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza. Hata sikumbuki tulikaa muda gani, ila nakumbuka pua ndogo nyeusi ilichungulia, ikanusa hewa, miguu ikatoka, na kalunguyeye akaondoka zake kuelekea kwenye migomba ya jirani bila haraka.

"Ungeniambia tu mlangoni," mama mkwe akasema, anajikung'uta majani. "Ningeingia nimefurahi."

Kwa miezi mingi baada ya hapo, muuza nyama wa sokoni kila akiniona aliniuliza, "Mama, leo tukukatie ya kukaa au ya kutembea?" Na watu foleni nzima wanacheka. Athumani naye alicheka wiki mbili, nikamnunia wiki tatu.

Bi Mwanaidi alifariki mwaka juzi. Kule Chanika, kwenye matanga, tumekaa wanawake ndani, vilio vimepungua, shangazi Zaina akalianza lile jambo, akamfanya yule kalunguyeye mkubwa kama mbwa, akasema tena kuwa yeye ndiye aliyemshika. Sikumsahihisha. Nilijifunika kanga usoni, na walionizunguka walidhani nalia, na kwa kweli nilikuwa nafanya yote mawili.

Ila nilijiapiza, na kiapo hicho sijakivunja. Mgeni akibisha kwangu, namwambia kilichomo kabla hajavua viatu. Kama mboga ni mlenda, nasema ni mlenda. Kama kuna panya, nasema kuna panya, tena yuko wapi. Juzi amekuja mwenyekiti wa mtaa, mzee wa heshima zake, nikamfungulia nikamwambia, "Shikamoo mzee, karibu, mimi na mume wangu tumenuniana tangu asubuhi, chai ipo ila sukari imekwisha." Akanitazama, akacheka, akaingia, akanywa vikombe viwili.