Kikombe cha Mizelli na Choo cha Halmashauri

Nianze na kijicho changu, nisije nikasingiziwa wema. Wifi yangu Mizelli, dada wa mume wangu Levi, alikuwa na kila nilichokitaka: sauti inayosikilizwa, kiuno kisichokubali uzee, na kabati la vioo lililojaa vikombe vya mama mkwe vyenye ukingo wa dhahabu. Mama mkwe alimpa angali hai, maana kwetu Wajipsi mtu akifa vyombo vyake huvunjwa na trela yake huchomwa. Usipopewa mapema, hupati tena. Mimi niliyemwosha mama mkwe miguu nilipewa baraka. Baraka hazinywewi chai.

Tulikuwa tumeegesha trela zetu kando ya barabara huko Kent, tukifukuzwa leo na kurudi kesho. Hatimaye halmashauri ikaamua kututengea mahali, na ofisa wa mipango, Bi Hargreave, akaja na ramani. Kila trela ingepata kiwanja chake na kibanda cha matofali chenye jiko na choo, ukuta mmoja, mlango kwa mlango. Wiki hiyo hiyo ramani ilikuwa inakwenda kikaoni. Ikipita vile, hakuna hata mmoja wetu ambaye angehamia. Na tusipohamia, wangesema tumepewa tukakataa, nasi tungetimuliwa moja kwa moja.

Nilitaka niwe mimi wa kumweleza. Nikavaa hereni zangu za sarafu, nikamwahi kabla hajashuka vizuri kwenye gari.

"Bibie, choo hakikai na jiko. Ni mochadi hiyo. Ni uchafu usiotoka hata ukisugua."

"Nakuelewa kabisa," akasema. "Tutaweka feni."

"Feni?"

"Ya kutoa harufu. Na vigae, vinasafishika vizuri."

Levi akacheka mpaka akakohoa. "Hongera, Sinfai! Umetupatia feni!"

Na nani akamkaribisha chai? Mizelli, nani mwingine. Tena kwenye vikombe vile vile! Mimi, mke wa kaka yake, miaka yote nilinyweshwa kwenye kikombe cha kila siku.

Bi Hargreave alikuwa mtu mwenye adabu zake. Alipomaliza chai akainuka, na kabla hatujamzuia akasuuza kikombe kwenye beseni lililokuwa mlangoni. Beseni lile ni la kunawia uso na mikono. Kwetu hata mtoto anajua kwamba chombo cha kulia hakiingii humo.

Mizelli akakipokea, akakitazama kidogo, akakipiga kwenye ngazi ya trela. Kikawa vigae.

"Jamani! Nimekosa nini?"

"Hujakosa, mama, hukujua tu. Beseni hilo la mwili, kikombe cha mdomo. Vikikutana, basi tena."

"Lakini umeniambia sasa hivi kilikuwa cha mama yako!"

"Ndiyo. Sasa nitazame vizuri, uniambie kama mimi nitapika kwenye kile kibanda chako."

Bi Hargreave aliviangalia vile vipande, uso umemwiva. Kisha akatandaza ramani juu ya magoti, akakifuta choo, akakichora ng'ambo ya ua, mlango wake ukiangalia miti. Ramani ikapita hivyo.

Watu wakamshangilia Mizelli. Mimi roho iliniuma. Mwenye navyo kavunja kimoja akawa shujaa. Mimi nisiye nacho ningevunja nini?

"Usinune, wifi, utazeeka kabla yangu," akanitania.

"Nawe usijifanye malkia. Kikombe tu hicho."

"Kikombe tu? Mbona tangu uolewe macho hayabanduki kabatini?"

Tukahamia. Mvua ikinyesha nilivuka ua kwenda chooni nikimlaani Mizelli, kisha nikarudi jikoni kwangu nikapika kwa raha. Watu wa mbali walikuja kuulizia "ramani ya Mizelli", nami nikajibu kwamba simjui.

Baridi ilipokuja akaugua kifua. Nilimpikia supu, na sifichi, jicho moja lilikuwa kwake na lingine kabatini. Nilikuwa nangoja aseme chukua. Siku moja akanishika mkono.

"Wifi, vile vikombe."

"Abee," nikaitika, moyo unanienda mbio.

"Nikifa, uvivunje wewe. Wenzako watavitupa tu kama vya dukani. Wewe umevipenda."

Nilitaka kumtukana. Nikalia badala yake.

Tulipotoka kumzika, wanaume wakaanza kuandaa moto wa trela. Nikawaambia wasubiri, nikaingia, nikafungua kabati. Tangu niolewe sikuwahi kukishika hata kimoja. Cha kwanza kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Nikatoka nacho, nikakipiga pale pale ngazini alipokipiga kile cha Bi Hargreave. Nikarudi ndani kuchukua cha pili.