Mhudumu wa Zahanati na Uyoga wa Magogo

Wiki iliyopita, sokoni Ngara, mtoto wa dada yake yule mhudumu wa zahanati wa zamani aliniona nikichagua maharage, akaja kunishika mkono. "Shikamoo, mwalimu. Mama mdogo ametutoka. Tulimzika Jumapili." Nimezika wengi miaka hii, wasomaji wangu, na kuandika kumbukumbu kumenichosha. Lakini huyu siwezi kumpita kimya, maana nilishanyamaza mara moja.

Alikuwa mhudumu wa zahanati kule Kasulo, nami mwalimu kijana, enzi za vijiji vya ujamaa. Tulifyeka msitu kufungua shamba la pamoja, magogo tukayaacha yakioza pembeni. Vita vya Kagera vilipoanza, malori yalielekea mpakani na dawa zikaacha kufika. Siku moja shambani shoka likanipata mguuni. Siku ya tano kidonda kilinuka, homa ikapanda. Hakunificha: "Mwalimu, penisilini imekwisha. Ninao uyoga wa magogo aliotumia bibi yangu. Umewafaa baadhi, wengine haukuwafaa." Nikamwambia auweke.

Ni ule uyoga mgumu unaoota ubavuni mwa gogo kama sahani. Aliukausha, akautwanga, akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukinyunyizia unga wake kila asubuhi. Nikiwa nimelala pale niliona vikombe viwili vya mchuzi juu ya kabati. Kimoja alikitia maji ya uyoga, kingine hakukitia kitu. Siku ya tatu kile kisicho na uyoga kilikuwa kimechacha na kutoa povu. Chenzake kilikuwa bado safi. "Gogo bovu limejaa vijidudu," aliniambia, "nao uyoga unaishi humo humo wala hauozi. Lazima una namna ya kujilinda. Ni ipi, sijui. Wenye maabara watatuambia." Yote aliyaandika daftarini, waliopona na wasiopona, akiwamo mama mmoja wa Mugoma aliyefia mikononi mwake.

Wiki ya tatu nilikuwa natembea. Ndipo alipokuja mkaguzi kutoka wilayani, akaitisha mkutano. "Serikali ina hospitali, wewe unawapaka wananchi kuvu?"

"Nileteeni dawa, mzee. Nitaacha leo hii."

Mkaguzi akatugeukia. "Haya, nani hapa amepona kwa uchafu huu?"

Nilikuwa nimesimama mstari wa mbele. Niliogopa kuandikiwa barua, niliogopa kuitwa mpinga maendeleo. Nikatazama chini. Yeye alinitazama mara moja tu, kisha akalikabidhi daftari. Halikurudi. Akahamishiwa Biharamulo, kufagia wodi na kufua mashuka, mpaka alipostaafu. Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa na mvi tayari. Alinikaribisha chai, akaniuliza, "Mguu unauma wakati wa baridi?" Nikasema hauumi. "Basi," akasema, akaniongezea chai.

Siku hizi wasomi wanasema wazi kwamba baadhi ya uyoga unaoozesha miti una kemikali zinazoua bakteria. Huo wa kwetu sijui kama umo, hakuna aliyeupima. Huenda alikosea, na mimi nilipona kwa chumvi na ujana. Tungekuwa na haki ya kumwambia amekosea kama tungepima kwanza. Elimu haiuawi na wakaguzi peke yao. Huuawa na sisi tuliopona, tulioulizwa mbele ya watu, tukatazama chini.