Mawakili Sitini Kabla ya Saa Nne

Karani wa chama cha mawakili alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, na kiti chake ndicho kilichokuwa kipya kuliko vyote ofisini, kwa kuwa hakukikalia. Simu alipiga amesimama, barua alizisoma akizunguka meza, na chai yake ilipoa dirishani. Mawakili walimwita Mama Akidi, maana mwaka ule alikuwa na wimbo mmoja tu: akidi, akidi, akidi.

Katiba ya chama ilitaka wanachama sitini wawe ukumbini ndipo mkutano mkuu uamue jambo lolote. Wakisubiriwa saa nzima wasitimie, mkutano unavunjwa. Mara ya kwanza walifika thelathini na wanane. Mara ya pili arobaini na tisa, na kumi kati yao waliaga mara tu baada ya kunywa chai. Mara ya tatu ingekuwa Alhamisi ya wiki hiyo, saa tatu asubuhi. Kama nayo ingeshindikana, hoja zote zingefutwa mpaka mwaka mwingine.

Hoja iliyomnyima usingizi ilikuwa ya saba, karibu na mwisho wa karatasi: kila siku ya kazi awepo mahakamani wakili wa zamu, awasimamie bure washtakiwa wasio na wakili.

Jumatatu na Jumanne alipiga simu mpaka sikio likapata moto. "Nitajitahidi," walimjibu. Kwa uzoefu wake, anayejitahidi haji.

Jumatano asubuhi mdogo wake wa kiume, fundi viatu aliyeishi naye, alimtazama akivaa kiatu kimoja huku akitafuta simu.

"Dada, kaa ule."

"Nimeshakula."

"Umekula nini, na mkate ninao mimi?"

Alikuwa mlangoni tayari.

Alikwenda mahakamani, akawanasa mawakili koridoni mmoja mmoja, mafaili kwapani, wakimpiga chenga kwa tabasamu. Nyuma ya nguzo alimkuta mzee waliyemwita Pingamizi, wakili ambaye hakuwahi kukubaliana na mtu kwa mara ya kwanza.

"Mama Akidi! Nimejificha na bado umeniona."

"Kesho saa tatu, wakili."

"Sikanyagi pale. Miaka kumi na mmoja iliyopita mwenyekiti alinikatiza nikiwa katikati ya sentensi."

"Mwenyekiti yule alishastaafu."

"Sentensi yangu je?"

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo roho ilikuwa juu juu, na maneno ambayo hakuwahi kumwambia wakili yeyote yakamtoka.

"Mdogo wangu alikaa mahabusu miezi kumi na minne. Walisema ameiba cherehani ya viatu, na cherehani ilikuwa yake. Hati ya kuinunulia nilikuwa nayo mkononi kila tarehe ya kesi, nimekaa benchi la nyuma. Kila nikisimama, naambiwa keti. Mpaka siku wakili mmoja aliyekuja kwa kesi nyingine kabisa akauliza, yule mama ana karatasi gani? Kesi ikaisha kabla ya mchana. Dakika ishirini, wakili."

Pingamizi alihamisha faili kutoka kwapa moja hadi jingine.

"Sijaahidi kitu," alisema, akaingia chumba cha mahakama.

Alhamisi, saa tatu na nusu, walikuwa arobaini na mmoja. Karani aliteremka ngazi, akapanda, akahesabu upya. Alimwambia mpishi asilete chai hata kikombe mpaka amruhusu. Saa nne kasoro dakika kumi walifika hamsini na wanane. Wawili wakanyanyuka, wanadai hakimu anawasubiri. Alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Wasomi, nimeongea na karani wa hakimu. Kesi zenu ni za saa tano."

Wakarudi shingo upande. Wa hamsini na tisa alikuwa mwanamke mjamzito aliyepanda ghorofa tatu akihema. Kisha hakuja mwingine. Mwenyekiti alitazama saa ya ukutani, karani akatazama ngazi.

Zimebaki dakika tatu, akatokea Pingamizi. Alitia sahihi kitabu cha mahudhurio, akawa wa sitini, na kabla ya kukaa akainua mkono.

"Mwenyekiti, napinga! Kikao hiki si halali. Sikupewa taarifa ya siku ishirini na moja."

Ukumbi ukaguna. Miguu ya karani ilishampeleka ofisini. Alirudi mbio na daftari la kupokelea barua, akalifungua mbele ya mzee. Pingamizi alivaa miwani, akasoma polepole, akarudia.

"Siku ishirini na tatu. Sahihi ni yangu," alisema. "Naondoa pingamizi. Lakini iandikwe kwamba nilipinga."

Watu waliangua kicheko. Katika kicheko hicho karani alimnong'oneza mwenyekiti: ya saba iwe ya kwanza, kabla hawajatawanyika. Mwenyekiti akakubali.

Yeye hakuwa na kura. Alisimama kando ya ukuta, anahesabu mikono huku midomo ikicheza. Thelathini na wanne waliunga mkono. Pingamizi alikuwa mmoja wao, mkono juu, macho darini, kama mtu aliyeshikiwa mkono na mwingine. Hoja ilipita kwa majaribio ya miezi sita. Ndipo chai ikaruhusiwa, na ukumbi ukapungua nusu.

Zamu zilianza Jumatatu iliyofuata. Mshtakiwa wa kwanza, mlinzi wa ghala, alipata dhamana, akatoka getini akitembea haraka bila kugeuka nyuma. Mwezi wa kwanza mawakili wanne hawakutokea siku zao. Karani aliwafuata nyumbani mpaka wake zao wakamzoea. Na kwa kuwa kuongeza muda kungehitaji mkutano mwingine wa watu sitini, mwishoni mwa mwezi wa pili, asubuhi na mapema, alikuwa amesimama dirishani na simu sikioni.

"Wakili, habari za siku? Najua bado miezi minne. Andika tu tarehe."