Dole Gumba la Gottliebin

Gottliebin Schnaidt alizaliwa katika mtaa wa chini wa Tübingen, mji wa Ujerumani, akaolewa katika mtaa huohuo, na kazi yake ilikuwa kutangaza misiba. Mtu akifa, awe mkulima wa mizabibu wa huku chini au profesa wa kule juu karibu na ngome, watu wa nyumbani kwake walimwita Gottliebin. Alivaa gauni jeusi na kitambaa cheusi kichwani, akapita mlango kwa mlango kutaja jina la marehemu na saa ya mazishi. Hakugonga kwa nguvu. Akisikia watu wanacheka ndani, alisubiri kwanza wamalize kucheka, ndipo agonge.

Watoto walimkimbia. Mama zao nao, wakimwona anapita na gauni la bluu la kila siku, walishusha pumzi: leo hajaja kikazi.

Mumewe Hannes alikuwa mkulima wa mizabibu, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Hawakujaliwa mtoto. Dada yake Gottliebin alipofariki katika uzazi, walimchukua mtoto, wakamlea, wakamwita Traugott kama mama yake alivyotaka. Katika miaka hiyohiyo Hannes aliranda mbao za mwaloni akatengeneza mabenchi, na sebule yao ikawa mahali pa Saa.

Saa ni ibada ya nyumbani, na haina mchungaji. Jumapili alasiri, baada ya watu kutoka kanisani na kula, wacha Mungu wa mtaa hukusanyika kwa mwenzao, wakaimba, wakasoma sura moja, kisha kila mmoja akasema neno lililomgusa. Hannes alipokufa, Saa ilibaki pale. Kwa mjane ambaye siku sita za juma watu walifurahi kumwona anapita bila kusimama, alasiri ile ilikuwa chakula chake. Siku hiyo watu waligonga mlango wake, tena kwa hiari yao.

Traugott alikua na akili nyepesi, akapanda kwenda kusomea uchungaji katika seminari ya kule juu. Hiyo ilikuwa miaka ya 1840, na huko juu hakukuwa na utulivu. Wasomi walikuwa wameanza kuziuliza Injili maswali yaleyale ambayo hakimu huiuliza hati ya zamani: nani ameandika, lini, na alikuwa upande wa nani? Walisema watu wa Petro na watu wa Paulo waligombana vikali kuliko tunavyosimuliwa. Walisema Injili ya nne haikuandikwa na mtume Yohana hata kidogo, bali na mtu mwingine, muda mrefu baada yake. Maprofesa walijibizana kwa vitabu, na wanafunzi walijibizana kwenye ngazi.

Mambo hayo yalishuka mpaka mtaa wa chini, kwa namna yake. Traugott alipokuja kula Jumapili, jirani yao Karle alikuwa tayari ameegemea lango la zizi akimngoja.

"Ee Traugott! Wiki hii mmemfukuza nani huko juu? Juzi Mathayo, jana Yohana. Mkimfikia Nuhu uniambie mapema. Yule ndiye aliyepanda mzabibu wa kwanza, nisije nikakosa kazi!"

"Nuhu hatumgusi, mzee Karle. Tunaogopa kiu."

"Ndiyo elimu hiyo!" Karle akacheka mpaka ng'ombe wake akageuka kumtazama.

Gottliebin hakucheka. Alimwekea kijana sahani ya dengu na tambi, akamtazama akila. Alimpenda kuliko kitu chochote kilichobaki duniani. Lakini pia aliyaogopa maneno yake. Hannes alipokuwa anakata roho, Injili ya Yohana ndiyo iliyosomwa kitandani pake, ile sura ya nyumba yenye makao mengi. Kama Yohana si Yohana, basi siku ile Hannes alisomewa nini?

Jumapili moja ya mwisho wa baridi, Saa ilimwomba Traugott asome. Kiongozi wao alikuwa Kolb, mkulima mzee aliyechukua nafasi ya Hannes. Traugott alisoma vizuri, sauti yake haikuwa na majivuno. Alipofika kwenye maelezo, akasema, "Hapa mwandishi wa Injili hii anatuambia kwamba..."

"Mwandishi?" Kolb akamkatiza. "Mwandishi gani? Huyu ana jina, Traugott. Ulilijua kabla hujajua kufunga viatu."

"Nalijua, Ndugu Kolb."

"Basi litaje."

Kijana akawa mwekundu mpaka shingoni. Angeweza kulitaja, lilikuwa neno moja, na watu wangeendelea kuimba. "Siwezi kusema ninachodhani si kweli," akasema polepole. "Hasa hapa."

Siku hiyo hawakuimba wimbo wa mwisho.

Watu walipoondoka, Kolb alimfuata Gottliebin jikoni, kofia mkononi. "Dada Gottliebin, nampenda huyu kijana. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu cha kupogolea. Lakini Jumapili ijayo, akiwamo humu ndani, Saa itahamia kwangu."

"Na mabenchi?"

"Mabenchi ni ya Saa."

"Hannes ndiye aliyeyaranda."

"Aliyaranda kwa ajili ya Saa, dada. Unajua hivyo."

Alijua. Kolb alipotoka, Traugott aliingia, akachukua kitambaa, akaanza kukausha vikombe ambavyo vilikwisha kauka.

"Mama mdogo, Jumapili nitakaa hukohuko juu. Si jambo kubwa."

"Utakula wapi?"

"Seminari."

"Ile supu yao unayoona mpaka chini ya bakuli?" Akamnyang'anya kitambaa. "Acha kwanza. Nitauliza."

Kwetu, mcha Mungu aliyekwama huuliza kwa dole gumba. Unashika Biblia iliyofungwa, unaomba, unasukuma dole gumba katikati ya kurasa, unafungua, na mstari ulio chini ya ukucha ndio jibu lako. Gottliebin alikuwa ameuliza hivyo kabla ya kuolewa, na tena siku walipomleta mtoto wa dada yake, amevingirishwa kwenye shali. Akapeleka habari kwa Kolb: tuache kidole kiamue, kijana abaki au aende, nami nitalipokea jibu. Kolb naye akakubali mbele ya wote. Kwake yeye hakukuwa na mahakama ya juu zaidi.

Jumapili ikafika. Traugott aliambiwa akae jikoni, mlango ukaachwa wazi. Watu walijaa kwenye mabenchi. Gottliebin alisimama katikati yao na Biblia kubwa ya Hannes kifuani, macho ameyafumba, midomo ikitembea. Kisha akasukuma kidole, akafungua.

Alisoma kimya. Akasoma tena. Halafu akasoma kwa sauti. Kidole kilikuwa kimeangukia kitabu cha Tobiti, pale kijana Tobia anaposhika safari ya mbali, na mbwa mdogo anamfuata.

"Nini kinamfuata?" akauliza Regine, bibi wa benchi la mbele ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka.

"Mbwa, Regine!"

"Mbwa wa nani?"

"Wa Tobia!"

"Aa." Regine akaitikia kwa kichwa kwa heshima. "Ni neno zito."

"Si neno lolote," Kolb akasema, akiinuka. "Hicho hakihesabiwi. Tobiti kimo katika vitabu vile vya katikati, kati ya Agano la Kale na Jipya. Ni vizuri kuvisoma, sikatai, lakini si sawa na Maandiko. Rudia, dada."

"Mbona kimo ndani ya jalada hilohilo?" Regine akauliza.

"Jalada si hoja, Regine! Wazee wa imani walivichunguza vitabu hivi. Waliangalia nani kaviandika, viliandikwa lini, na vilitokea..."

Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Masikio yake yakaanza kuwaka, kwanza moja, kisha la pili, na watu wote sebuleni wakageuza shingo kuelekea mlango wa jikoni.

Traugott alikuwa amesimama pale. Jibu lilikuwa mdomoni mwake; Gottliebin aliliona. Alimjua tangu jino lake la kwanza, akajua jinsi shavu lake linavyocheza anapobana neno. Huko juu, kwenye ngazi za seminari, neno kama hilo lingepigiwa makofi. Kijana akamtazama mzee Kolb, akaitazama mikono yake iliyopasuka kwa baridi ya shambani.

"Ndugu Kolb," akasema, "nikuletee maji?"

Kolb alitikisa kichwa kukataa, asiweze kumwangalia.

"Rudia, Gottliebin," akasema tena, safari hii kwa sauti ndogo, karibu ya kuomba.

Gottliebin akaifunga Biblia. "Sirudii. Niliomba jibu, nikapewa mbwa. Yule mbwa hakuambiwa wanakwenda wapi, wala hakuulizwa kama njia ni nzuri. Alimfuata kijana wake. Mimi siijui njia ya Traugott, Kolb, na inanitia hofu, nakwambia kweli. Lakini hatakwenda peke yake." Akageuka. "Njoo ukae, mwanangu. Usisimame mlangoni kama mgeni."

Kolb akavaa kofia. Mmoja mmoja wakamfuata. Regine alitoka wa mwisho, akiwa bado anauliza kama yule mbwa alirudi salama.

Kesho yake Kolb alikuja na mkokoteni kuchukua mabenchi. Aliyabeba yote isipokuwa moja. "Hili mguu umelegea," akasema, akalirudisha ukutani. Gottliebin alilikalia baada ya yeye kuondoka. Lilikuwa imara kabisa.

Jumapili zilizofuata zilikuwa ndefu. Hakuna aliyemtukana, walimsalimu kisimani kama kawaida, na waliofiwa waliendelea kumwita. Lakini ikifika alasiri alikuwa akiosha vyombo taratibu mno, na Traugott aliona jinsi anavyosimama na sahani mkononi kila viatu vilipopita nje vikielekea kwa Kolb.

"Nakugharimu sana, mama mdogo," akamwambia siku moja. "Sema tu, nitakwenda."

"Nani kakuambia uende?" Akaja akaketi kwenye benchi lile moja, akamwonyesha akae kando yake. "Hebu nieleze. Lakini usinieleze kama unavyojibu mtihani. Nieleze kama mtu."

Traugott akamweleza. Jinsi Injili tatu zinavyozungumza kwa namna moja, na ya nne kwa namna yake yenyewe. Jinsi siku ya mateso isivyolingana. Jinsi kwa muda mrefu hakuna aliyeitaja, kana kwamba haikuwapo. Alikuwa akimtazama usoni kila sentensi, tayari kuacha. Gottliebin alisikiliza mpaka mwisho, kikombe cha mvinyo wa matufaha kikiwa mikononi mwake bila kunywewa.

"Na huyo aliyeandika," akauliza, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Traugott alijua mwandishi yule alibishana na nani na maneno yake aliyatoa wapi. Swali hili hakuwahi kulisikia darasani. "Sijui. Labda mzee. Labda aliishi katika mji mkubwa, mbali na Yerusalemu, na alikuwa na watu wachache waliokutana nyumbani kwa mwenzao."

"Kama Saa."

"Kama Saa, ndiyo."

"Waliomwona Bwana kwa macho yao, walibaki wangapi?"

"Hakubaki hata mmoja, mama mdogo. Nadhani walikuwa wamekufa wote."

"Wote? Hakuna hata wa kumwendea ukamwuliza, hivi alikuwaje, alicheka vipi?"

"Hakuna."

Gottliebin alikuwa amepeleka habari za vifo kwenye milango mingi, akayaona macho ya watu pale wanapoelewa kwamba wa kumwuliza hayupo tena. Akaweka kikombe chini. "Maskini wa Mungu," akasema. "Maskini watu wale."

Traugott aliinama akayatazama magoti yake. Miaka yote ile alikuwa amemtafuta mwandishi kama mtu anayemsaka mwizi wa jina, na sasa mama yake mdogo alikuwa anamlilia kama jirani aliyefiwa.

"Nisomee," akasema Gottliebin. "Ile aliyosomewa baba yako mdogo."

Akamsomea, wala hakueleza kitu.

Walipokuwa wameketi hivyo, wimbo ukaanza kwa Kolb, nyumba ya sita kutoka pale. Gottliebin akainua kichwa, akasikiliza, uso ukakunjamana.

"Nani kaanzisha?"

"Kolb mwenyewe, nadhani."

"Kaanzia sauti ya juu mno, huyu mzee! Kwenye ubeti wa tatu watakufa wote, nami nitakuwa na kazi ya mji mzima kesho."

Traugott akaangua kicheko. Kweli, sauti zilikuwa zimeanza kupasuka. Za wanawake zilikwama, za wanaume zikabaki zikikoroma zenyewe. Gottliebin akaenda dirishani, akalifungua, upepo wenye harufu ya samadi na udongo mbichi ukaingia. Akasimama kitambo, mkono kwenye fremu. Kisha akauanza wimbo uleule, chini, kwa sauti yake nene ya kutangazia majina. Traugott akaja nyuma yake akaingiza besi.

Waliimba ubeti mmoja wawili tu. Kule kwa Kolb wimbo ukakatika. Karle alitoa kichwa kizizini kusikiliza.

Halafu dirisha la nyumba ya sita likafunguliwa, na mzee Kolb akaanza upya, chini, kwenye sauti ileile ya Gottliebin.