Karibuni ya Metha

Metha Lausten alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe tangu usichana wake mpaka kilipofungwa. Mikono yake ni mikubwa na sauti yake pia, maana kule mashine zilikuwa zinanguruma, ukinong'ona husikiki. Mimi ndiye niliyempigia debe apate kazi ya kulinda kumbi kwenye jumba la sanaa la mkoa wetu, ambako nauza kahawa. Alichukuliwa kwa majaribio. Tangu hapo nikawa silali vizuri. Akiharibu, watasema ni mtu wangu.

Hakuharibu. Alisimama wima kando ya picha za bahari na za ng'ombe, na kumwambia kila mgeni aliyefika mlangoni, "Karibuni." Huku kwetu Jutland ya kusini, nchini Denmark, neno hilo linaingiza mtu ndani na linamkalisha mezani. Mwenye nyumba asipolitamka, wageni watasimama nyuma ya viti mpaka kahawa ipoe. Akishalitamka, kukataa ni kumtukana.

Majira ya vuli yakaja maonyesho mapya. Msanii mmoja wa Copenhagen, Sixten Brorholt, aliandaa meza ndefu ya kahawa kama zile za harusi na maziko ya kwetu: kitambaa cheupe, vikombe vya buluu, keki laini na biskuti za kila aina, zote za kweli. Zilitakiwa zikae pale mpaka zikauke na kuota ukungu, watu wakitazama. Kamba haikufungwa, ingeharibu sura ya meza.

"Wewe Metha ndiye kamba," alisema Annelise, mkurugenzi.

Jumamosi ya kwanza walifika wanawake wa chama cha kushona, wote wazee, wamevaa vizuri. Metha akawafungulia mlango.

"Karibuni!"

Nilimsikia nikiwa kantini. Nimelea watoto watatu, sikio langu linaijua sauti ya kijiko mahali kisipotakiwa. Niliposikia vijiko nilikwenda mbio. Wote walikuwa wameketi. Ellinor, mwenyekiti wao, alikuwa anakata keki ya mkate mweusi wa rai, nafaka ya huku.

"Metha mwanangu, kahawa iko wapi?"

Metha alikuwa ameegemea ukuta. "Inukeni," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Tuinuke vipi? Hata biskuti hatujazifikia. Tukiacha aina moja, mwenye kuoka atatufikiriaje?"

"Aliyeoka ni mwanamume," nikasema.

"Ndiyo maana kavu," alijibu wa pembeni yake, akajiongezea krimu.

Sixten aliingia na Annelise nyuma yake. Msanii aliitazama meza. "Nani amewaruhusu?"

Wanawake wote walimwonyesha Metha, kwa shukrani.

"Huyu," alisema Ellinor. "Ametukaribisha vizuri, hatuna cha kulalamika."

Metha aliitwa ofisini. Mimi nilirudi kantini nikafuta kaunta iliyokuwa safi. Alipotoka, alikaa kwanza ndipo akanisimulia. Sixten alitaka afukuzwe siku hiyohiyo. Annelise, ambaye ni mzaliwa wa huku, alimuuliza Metha kitu kimoja tu: aliwaambia neno gani? Alipojibiwa, akamwambia msanii kwamba hata yeye mwenyewe angeketi. Metha akabaki, kwa sharti kwamba neno lile asilitamke tena ndani ya jumba. Sixten alioka upya, amenuna.

Siku hizi Metha anafungua mlango na kuinamisha kichwa tu. Wageni wa mjini wanapita. Wa kwetu wanasimama kizingitini wakimtazama mdomo, na wengine wanageuza kurudi nyumbani. Dukani Ellinor anasema Metha ameanza kuringa tangu apate kazi ya watu wa sanaa. Ilipofika Pasaka alipewa mkataba wa kudumu.

Nilimshauri akawaeleze watu wa kwetu kwamba amekatazwa neno lile.

"Niwaeleze nini?" alisema. "Wakichoka kusimama wataingia."