Orodha Yangu ya Miji Sita

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye yule mwalimu aliyeiweka Kibondo ya kwanza na Tanga ya mwisho kwa hali ya hewa, halafu wiki hiyohiyo nikaandika barua rasmi ya kuomba nihamishwe kutoka Kibondo kwenda Tanga, sababu, hali ya hewa. Pengine wako watu wanaoweza kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja na yasigundulike. Mimi simo.

Nina miaka minne Murungu, hapahapa wilayani Kibondo, nafundisha Kiswahili. Mke wangu Mwanaidi ni muuguzi Tanga, na binti yetu Zuhura ana miaka mitatu na ananiita "baba wa kwenye simu", jina ambalo nyumba nzima inalicheka isipokuwa mimi. Kila likizo siku mbili ni za basi la kwenda na mbili za kurudi. Katikati ya likizo na likizo mimi ni mtu wa kusimama na kukaa, kufungua simu na kuifunga, kuhesabu wiki kwenye kalenda ya ofisini wakati najua hesabu ni ileile ya asubuhi.

Njia ya kuondoka ni kubadilishana kituo. Unamtafuta mwalimu wa somo lako anayetaka kuja kwako, kila mmoja anaandika barua, mafaili yanakutana, mnapishana. Tuna kundi la simu ambako watu hunadi vituo vyao kama viwanja: natoka fulani, naenda fulani, maji yapo, umeme upo. Miaka miwili nilinadi Kibondo bila kupata hata salamu.

Sasa siku moja mvua ilitufungia ofisini, mabati yanapiga kelele hata darasani hakufundishiki, nikasema badala ya tangazo niandike orodha. (Nina ugonjwa wa kupanga vitu, hata safarini huandika kwenye daftari basi limefika wapi saa ngapi.) Nikapanga miji sita ninayoifahamu, kuanzia yenye hewa nzuri kushuka chini. Kibondo ya kwanza: hewa safi, feni haijulikani, blanketi mwaka mzima, kifua kinafunguka chenyewe. Zikafuata Arusha, Mwanza na Dodoma. Kasulu ya tano, mvua isiyo na adabu na tope linalovua watu viatu. Tanga ya sita: joto la kukaangiwa, unatoka bafuni unahitaji kuoga upya. Nikaandika jina langu chini, nikaituma kwenye kundi.

Kasulu nilikuwa nimefika mara moja tu, kwenye mechi ya walimu, mvua ikaanza kabla hatujatokwa jasho na kiatu changu kikabaki kwenye tope. Mji mzima niliuhukumu kwa mchana mmoja. Tanga sikuihukumu kabisa, niliisingizia, maana aliyeko Tanga ndiye niliyetaka aikimbie.

Na alikimbia. Siku ya tatu akaniandikia Mwalimu Rehema wa Tanga, Kiswahili kama mimi, anaishi na mama yake mzee mwenye kifua kibovu, na hayo maneno ya kifua kufunguka yamemgusa sana. Nilimpigia Mwanaidi papo hapo. Kesho yake akanitumia picha ya kabati: nguo zake zote amezisogeza upande mmoja, upande wa pili mtupu. Usiku huo sikulala, na siku zilizofuata nilikuwa nafundisha huku nimesimama mlangoni.

Ikabaki barua. Mkongwe mmoja wa ofisini akanishauri kwamba kumfuata mwenza kila mtu anaandika, barua za namna hiyo zimejaa, wewe andika afya. Nikaandika kwamba baridi ya Kibondo inanibana kifua, siwezi kutoka nyumbani hadi darasani bila kupumzika njiani. Sikumwambia Mwanaidi.

Nikaitwa ofisi ya elimu ya wilaya. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na nje kumejaa wingu, hivyo afisa anayeshughulikia uhamisho, mzaliwa wa Heru Juu huko Kasulu, alikuwa ametoa meza yake barazani apate mwanga, na sisi wenye shida tumepangana kwenye mabenchi mbele yake kama mahakamani. Kila neno lilikuwa la wote.

Akafungua mafaili mawili. Kwenye lake, Mwalimu Rehema (mtu makini, simlaumu) alikuwa amechapisha orodha yangu nzima, na jina langu chini, akaiambatanisha kama ushahidi.

Afisa aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mwalimu. Kasulu ya tano?"

Nikasema ni maoni binafsi tu, mkuu. Akauliza nimewahi kulala Kasulu usiku mmoja. Sijawahi. Basi nilifika lini? Na mimi, kwa mdomo wangu, nikaeleza kuhusu mechi ya walimu, na mvua, na kiatu. Akavaa tena miwani.

"Kumbe ni wewe. Winga wa kushoto. Ulitufunga mawili."

Mabenchi yakacheka, nami nikatabasamu (ndiyo, nilitabasamu, mjinga mimi). Ndipo akainua barua yangu akaisoma kwa sauti, kifua, baridi, kupumzika njiani.

"Katika tope lile ulikimbia dakika tisini," akasema. "Aliyehitaji kupumzika ni beki wetu."

Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa upole, "Labda kinambana siku za kazi tu."

Afisa hakucheka. Alisema huyu mwenzangu anamleta mama yake huku apate nafuu ya kifua, na mimi nakimbia huku kwa ajili ya kifua, basi wenye vifua tuzungumze. Akampigia Mwalimu Rehema, akaweka spika, simu akailaza mezani.

"Kaka," Rehema akasema baada ya salamu, "mama ana miaka sabini. Niambie kweli. Nimlete?"

Nikisema aje, nimejishtaki kwamba barua ni uongo. Nikisema asije, upande wangu wa kabati unabaki mtupu. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Dada, kifua changu ni kizima. Niliongopa. Kama hewa ya huku itamfaa mama sijui, sikumuuliza mtu yeyote. Mwezi wa saba asubuhi natoka na sweta na koti. Kiangazi kuna vumbi jekundu na moshi wa mashamba. Yale niliyaandika kwa sababu mke wangu na mwanangu wako huko Tanga."

Rehema akasema ameelewa, atamuuliza daktari kwanza, akakata. Afisa akauliza hilo la mke liko wapi kwenye barua. Nikasema halipo, mkuu. Akanirudishia karatasi zangu.

"Nenda kaandike hilo. Na ukalale Kasulu."

Nilifikiri yameisha. Jioni Mwanaidi akapiga, maana orodha ilikwishazunguka Tanga nzima mpaka zahanatini kwake.

"Baba Zuhura, nasikia sisi tunakaa mji wa mwisho."

Nikajaribu kueleza kwamba ulikuwa mkakati. Alisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nguo zangu nimezirudisha," akasema. "Ukifika, upande wako utauomba."

Barua mpya ni ya mistari mitatu, na mmoja wao ni jina la mke wangu. Mwalimu Rehema hajakataa. Amesema atakata shauri mwaka ukizunguka, na kila jioni nimwandikie hali ya hewa ya siku hiyo bila kunogesha, na namwandikia: ukungu hadi saa tatu, mvua saa nane, sweta. Kasulu nimelala mara mbili. Kunakalika vizuri, na nafasi yake sitaji. Afisa tukikutana sokoni ananiuliza kifua hakijambo.

Kupanga miji nimeacha. Jana Zuhura aliniuliza kwenye simu kama huku kuna jua, na hata yeye sikumjibu mpaka nilipochungulia dirishani.